Mtani Aliyeuza Malori

Mpaka leo, na uzee huu, nikipita mbele ya duka la magari nikamwona muuzaji anamwangalia mteja kuanzia miguuni kwenda juu, natema mate. Natema kweli, chini, ptuu! Wajukuu zangu wanasema babu hana adabu. Wacha waseme. Wao hawakuiona yadi ya malori ya Nachingwea, wala hawakumwona mjomba wangu kwenye yadi ile.

Niseme kwanza mjomba alikuwa nani. Alikuwa kaka wa mama yangu, na kwetu sisi Wamwera mjomba ndiye mtu. Baba anakuzaa, sawa, lakini neno la ukoo liko kwa mjomba, na mali yake ni ya wapwa zake. Alikaa Likunja, analima ufuta na mtama, ana mikorosho yake, anaswali, hana kesi na mtu. Kitu alichojulikana nacho kuliko vyote ni utani.

Sisi na Wangoni ni watani. Enzi za mababu walitujia na mikuki, wakachukua chakula chetu na bibi zetu. Vita vikaisha, na watu wakaona bora wavicheke kuliko kuvilipiza. Basi Mngoni akikukuta njiani anaweza kukuita mnyama yeyote amtakaye, akakuvua kofia akaondoka nayo mpaka uikomboe, akakaa kwenye kiti chako na kula chakula chako, na wewe ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Na ukifiwa, yeye ndiye anakuja kuchimba kaburi huku anamtukana marehemu, na wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Mjomba alikuwa fundi wa mambo hayo. Watu walitoka Nandagala kuja kumsikiliza akipambana na Mngoni mmoja aliyeoa kwetu, na wakirudi kwao mbavu zinawauma.

Mimi nilikuwa dereva. Wazungu walipokuja Nachingwea kulima karanga zao walichukua vijana wengi wakawafundisha kuendesha, na mimi nikawa mmoja wao. Halafu karanga zikawashinda, kama mnavyojua, wakafunga virago. Matrekta na malori yakabaki yamepangwa kwenye jua. Mfanyabiashara mmoja akayanunua kwa jumla, akazungushia seng'enge uwanja mkubwa, akaanza kuuza moja moja. Mimi nikarudi Likunja na kofia yangu ya udereva na sina cha kuendesha.

Ndipo mjomba akapata wazo lake la lori. Mnunuzi wa ufuta aliyekaa Ruangwa alikuwa ndiye peke yake mwenye gari upande wetu. Alikuja siku anayotaka, na mzani wake, na bei yake, na asipojisikia kuja mvua ilikuta magunia nje. Mjomba akaita ukoo, wanaume kwa wanawake, akasema: mwaka huu tusimuuzie. Tuuze korosho, tuuze mbuzi, tukusanye tulichonacho, tununue lori letu, ufuta tuupeleke Lindi wenyewe. Dereva tunaye, huyu hapa anakula bure. Watu walisita. Mama yangu ndiye aliyewaumbua kwa kuwa wa kwanza kuleta mbuzi wake. Kwa hiyo ufuta wote ukafungiwa ndani, mnunuzi akaja akaambiwa bado, na mjomba akafunga kitambaa cha fedha kiunoni, akavaa kanzu yake ya Idi, tukaenda Nachingwea. Gari la mnunuzi mwenyewe lilikuwa linakufa, tulilisikia kwa namna lilivyokohoa kwenye mlima. Tukipata letu mwaka ule, basi tumepona.

Muuzaji tulimkuta barazani pa ofisi ya bati, amekalia kiti cha uvivu, miguu juu ya boksi. Mwafrika mwenzetu, msidhani Mzungu. Mwenye mali alikaa chumba cha nyuma, na hakuna aliyemfikia ila kwa kupitia huyu. Soksi zake zilifika magotini, kofia ya pama ameiegemeza nyuma ya kichwa. Nikamwamkia. Hakuitikia. Akaanza kwenye makatambuga ya mjomba, makatambuga yale tunayokata kwenye tairi kuukuu, akapanda polepole mpaka kwenye kofia ya kitambaa, akashuka tena.

"Mmetumwa na nani?"

"Hatukutumwa," mjomba akasema. "Nataka loli."

"Unataka nini?"

"Loli."

Kiswahili cha mjomba kilikuwa cha sokoni, ulimi wake wa Kimwera. Muuzaji akageuza shingo akapaza sauti kwa makarani waliokuwa ndani: "Jamani, njooni muone! Kuna panya hapa amevaa kanzu, anataka loli!"

Mimi niliona giza. Nikamgeukia mjomba, nikijua sasa patachimbika, na nilichokiona usoni kwake kilinishangaza kuliko lile tusi lenyewe. Mjomba alikuwa anacheka. Uso wote umefunguka kwa furaha, mikono ameitandaza.

"Ala! Mtani!" akapiga kelele. "Mngoni wewe! Nipishe kwenye kiti hicho, mwizi wa bibi zetu! Mimi ni babu yako, mama yako alizaliwa na mtumwa wa kwetu!"

Makarani waliotoka kuangalia wakaangua kicheko. Muuzaji aliduwaa. Nilimwona akiduwaa, jicho likienda huku na huku, halafu nikaona alivyoelewa kwamba ameletewa mchezo wa bure. Mdomo ukajikunja upande mmoja.

"Ee, mtani," akasema. Lakini kwenye kiti hakunyanyuka.

Tulipotoka mjomba alikuwa na furaha kama mtu aliyekwisha kununua. Akaniambia, "Mpwa wangu, Mungu ametupenda. Tumepata mtani. Mtani hawezi kukuuzia kitu kibovu, maana kikikuua ni yeye atakayechimba kaburi."

Nikamwambia, "Mjomba, yule mtu hatanii. Macho yake hayacheki."

"Wewe umekaa sana na Wazungu," akanijibu. "Hebu fikiri. Mtu mzima, mwenye akili zake, mchana kweupe, hajui jina langu wala kwetu, amwite mtu mzima mwenziwe panya, na awe anasema kweli? Inawezekana hiyo? Si lazima awe mtani?"

Kwa akili ya kwetu alikuwa na haki kabisa. Mtu wa kukutukana hivyo bila sababu alikuwa mmoja tu duniani, naye ni mtani. Wa aina nyingine mjomba alikuwa hajawahi kukutana naye.

Tukarudi kesho yake, na kesho yake tena. Tulifikia kwa jamaa yetu mmoja aliyebaki Nachingwea kufanya kazi ya ukuli, na kila asubuhi mjomba alikung'uta vumbi la kanzu yake, twende. Lori alikwisha kulichagua, la kijani, lenye pua ndefu na bodi la mbao ambalo halijaoza. Nilitaka kufungua boneti nione injini. Muuzaji akasema msiguse. Nilitaka liwashwe niusikie mlio wake. Akasema betri inachoka. Mjomba akisema, "Fedha ninayo, mtani," yeye anajibu, "Fedha ya korosho au ya maganda yake?" na makarani wanakufa kwa kucheka, na mjomba anacheka kuwashinda wote, anamjibu kitu kuhusu Wangoni na ngozi zao za mbuzi. Mwisho wa yote: "Bwana mkubwa hayupo, njoo kesho."

Hakuna hata siku moja aliyouliza kama kweli tuna fedha. Hilo ndilo linanichefua. Ingekuwa ametuuliza akatuona hatuna, basi, afukuze. Hakuuliza, kwa sababu alikwisha kujijibu mwenyewe siku ile alipomaliza kuyasoma makatambuga.

Na hapo hapo barazani palikuwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akija kutazama ndege. Maana mwenye yadi alikuwa anauza na ndege, kitu kidogo cha mabawa mawili kilichoachwa kule kiwanjani, kimefunikwa turubai. Huyu bwana alikuja kama sisi, siku nenda siku rudi. Lakini yeye akitokea tu getini, kiti cha uvivu kinapanguswa, chai inaletwa na birika lake na kikombe chenye kisahani, muuzaji amesimama pembeni mikono nyuma, "Ndiyo bwana, ndiyo bwana." Mlinzi wa getini, mzee mmoja Mmakua, alinidokeza kwamba yule bwana alikuwa hana hata nauli ya kurudi kwao. Alikuja kunywa chai. Ndege hakuinunua, wala hakuna aliyewahi kumwuliza ananunua lini.

Siku moja muuzaji akasema mbele yake, makusudi, "Mtani, kwa nini usinunue ndege? Nyani kama wewe amezoea kukaa juu."

Mjomba akajibu, "Ndege nitanunua siku nikija kuoa dada yako, maana kwenu hakufikiki kwa miguu!"

Wakacheka. Yule Mzungu akataka atafsiriwe, akatafsiriwa, naye akacheka akimwangalia mjomba kwa namna ambayo watu humwangalia mtoto aliyejamba. Mimi nilitoka nje ya geti nikapiga teke jiwe mpaka kidole kikavimba. Khaa! Nasema kile kicheko bado nakisikia.

Ndipo nikamwuliza yule mlinzi, "Hivi huyu muuzaji ni Mngoni wa wapi?"

"Mngoni?" Mlinzi akashangaa. "Huyu mtu wa Tanga huko, amekuja na mwenye yadi. Songea haijui hata kwa ndoto."

Nikaenda mbio kwa mjomba. Nikamwambia, "Mjomba, si Mngoni yule. Ni mtu wa Tanga. Hatuna utani na watu wa Tanga. Tuondoke." Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Akasema, "Basi watu wa Tanga nao watakuwa na utani na sisi, sisi tu hatujui. Au bibi yake Mngoni. Kuna kitu. Haiwezekani pasiwe na kitu." Halafu akaongeza, kwa upole, "Na tukiondoka, nitawaambia nini Likunja? Kwamba nimetaniwa?"

Malori mengine yote yenye maana yalikuwa yamekwisha kuondoka. La kijani ndilo lilibaki, mengine ni mifupa. Na Likunja kuna magunia yamefungiwa ndani yanamsubiri yeye.

Siku iliyofuata muuzaji alitupokea kwa furaha isiyo ya kawaida. Akasimama kabisa. "Mtani!" akasema. "Leo ndiyo leo. Lori linatoka leo."

Mjomba akashika kifua. "Wallahi?"

"Wallahi tena. Lakini bibi harusi anaogeshwa kabla ya kutolewa, au kwenu mnamtoa na kinyesi chake? Shika ndoo."

Akacheka mjomba! Akanishika bega, karibu alie. Getini alikuwa anapita mtu wa baiskeli, jamaa wa Ruangwa tunayemfahamu, anarudi kwao. Mjomba akamkimbilia akamwambia, "Ukipita Likunja waambie linakuja. La kijani, bodi la mbao. Waambie wajiandae." Mtu wa baiskeli akampa mkono wa pongezi, akaondoka.

Halafu mjomba akaikunja kanzu yake ya Idi mpaka kiunoni, akachukua ndoo na madebe na matambara. Nikataka kumpokea. Akanikataza. "Hili amenitania mimi, nalifanya mimi." Maji yalichotwa kwenye tangi nyuma ya ofisi. Akaanza na paa, akashuka kwenye vioo, akaingia chini kabisa kwa mgongo kutoa tope lililoganda tangu masika, tope jekundu la Nachingwea ambalo mkiliacha linakuwa saruji. Alikwangua kwa kisu, penye kona alikwangua kwa kucha. Alikuwa anaimba, nyimbo za Kimwera za kupeleka mwari. Muuzaji aliwaita makarani wote, akawaita na mafundi wa karakana ya jirani. "Njooni mumwone tajiri wa Likunja!" Yule bwana wa ndege alivuta kiti karibu, na kikombe chake. Muuzaji anaonyesha kwa fimbo: "Hapo hapajatakata, mtani. Na hapo. Lamba kabisa!" Na mjomba kutoka chini ya gari anajibu, "Nitalamba, mtani, wewe utakuja kulamba sahani kwangu!"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye jua, meno nimeyauma. Nilitamani mtu yule aanguke afe pale pale, Mungu anisamehe, na nisingechimba hata shimo la mhogo kwa ajili yake.

Lori likatakata. Sijawahi kuona lori limetakata vile, hata lilipokuwa jipya kwa Wazungu. Mjomba akasimama mbele yake, maji yanamchuruzika, kanzu imekuwa rangi ya udongo, akasema, "Haya mtani. Nifungulie mlango."

Muuzaji alikuwa anaangalia getini, na mwili wake wote ulibadilika, mgongo ukanyooka, kofia ikavuliwa. Alikuwa anaingia mnunuzi wa ufuta wa Ruangwa. Yule yule wetu! Koti la kitani, nyuma yake dereva mgeni sijawahi kumwona. Muuzaji akaenda kumpokea kwa miguu yake mpaka getini, akampangusia kiti, chai ikaja. Fedha sijui alilipa lini, pengine wiki nyingine huko. Ninachojua ni maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu haya.

"Karibu bwana. Gari yako tayari. Tumekuoshea."

Tumekuoshea. Yeye na nani?

Yule dereva mgeni akapanda. Lori likawaka kwa mara ya kwanza, na mlio wake ulikuwa safi, injini nzima kabisa, nilijua tangu mwanzo. Mnunuzi hakutuona, au alituona akadhani ni watu wa kuosha magari, na nani angemlaumu. Dereva akarudi nyuma, akazunguka, akatoka getini na gari. Mnunuzi akabaki anamalizia chai.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo moyo wangu ulipovunjika. Mjomba alicheka. Alipiga makofi. "Eee! Mtani, hii umeniweza! Hii nakupa!" Akaenda akakaa chini pembeni ya geti, kwenye kivuli chembamba cha seng'enge na nguzo, akaniambia nikae. Nikamwuliza tunangoja nini. "Litarudishwa," akasema. "Analizungusha mjini tu, anitishe. Utani mkubwa ndivyo unavyokuwa." Tukakaa. Mnunuzi wa ufuta akamaliza chai akaenda zake kwa gari la rafiki yake. Adhuhuri ikaadhiniwa, mjomba akaswali pale pale mchangani. Alasiri ikaingia. Kanzu ikamkaukia mwilini, imekakamaa kwa tope. Kila mlio wa gari barabarani alinyoosha shingo.

Mwishowe akasimama. Akajipangusa. Nadhani hata wakati huo alikuwa bado anaamini, maana alichofanya ni kile kile ambacho mtani hufanya mwenzake akizidisha. Alipanda barazani akitabasamu, akanyoosha mkono, akamvua muuzaji kofia yake ya pama, akaivaa yeye.

"Nimeteka," akasema. "Ukitaka kofia, lete loli."

"Mwizi!" muuzaji akapiga ukelele. "Mwizi! Mlinzi!"

Akaruka kutoka kitini akamzaba mjomba kibao. Kibao cha shavuni, mbele ya makarani, mbele ya yule bwana wa ndege, mbele yangu mimi mpwa wake. Kofia ikaanguka. Hapo mimi sikujua tena nafanya nini. Nilimkamata yule mtu shati kifuani, vifungo vikaruka, nikamsukuma mpaka kwenye ukuta wa bati, na nilikuwa nimeinua ngumi.

"Mwache," mjomba akasema nyuma yangu. "Mwache, ni mtani."

"Mtani?" Muuzaji alikuwa anahema, mate yanamtoka. "Mtani wa nani, mshenzi wewe? Nani kakwambia mimi Mngoni? Mimi nina utani gani na nyani wa porini? Nilikuwa nakwambia ulivyo! Siku zote nilikuwa nakwambia ulivyo!"

Hata makarani, wale wapumbavu, waliacha kucheka. Mlinzi Mmakua akaja akatushika mikono, taratibu, bila kutuburuta, akatutoa nje. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, "Nendeni, wazee wangu, nendeni," na mimi nilikuwa kijana lakini aliniita mzee. Geti likafungwa.

Tulikuwa tumepanga kurudi na gari letu, kwa hiyo tukarudi kwa miguu. Mjomba alitembea mbele. Tulikwenda hivyo mwendo mrefu, mpaka Nachingwea ikabaki nyuma kabisa. Halafu akauliza, bila kugeuka:

"Lile la panya, alikuwa anasema kweli?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na lile la nyani na ndege?"

"Ndiyo."

Tukatembea tena.

"Na wale aliowaita kuja kuangalia. Walikuwa wanacheka nini?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini alikuwa amedanganywa vya kutosha. "Walikuwa wanakucheka wewe, mjomba."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia. Hakuuliza tena. Tulilala Marambo kwa mkwe wake, akakataa chakula, akasema tumbo. Kitambaa cha fedha bado kilikuwa kiunoni, kimefungwa kama mama yangu alivyokifunga. Hakuna aliyekiona tangu tulipotoka.

Kesho yake tuliingia Likunja jua limepanda. Kabla hatujafika nyumbani niliona njia imefagiwa. Imefagiwa pana, kwa upana wa gari, majani yamekatwa pande zote mbili, na penye mlango wa kiambo udongo ulikuwa mweupe kwa unga wa baraka uliomwagwa. Nikajua. Nilimtazama mjomba, naye alikuwa anautazama ule unga.

Mama yangu ndiye alitukimbilia wa kwanza, khanga mkononi, nyuma yake wanawake wote wa ukoo, vigelegele bado vimo midomoni mwao.

"Kaka! Mbona mmekuja kwa miguu? Lori limetangulia jana! Tuliposikia mlio tu tukajua. La kijani, bodi la mbao, kama mlivyotuagiza! Tumelirushia unga, watoto wamelikimbilia mpaka bondeni. Dereva mliyemtanguliza hana maneno mengi, lakini tumempa jogoo, amepokea. Akauliza kama ufuta bado upo, tukamwambia upo wote, hatukumuuzia mtu." Akavuta pumzi, akamshika mjomba mkono kwa mikono yake miwili. "Na linang'aa, kaka! Linang'aa hilo lori letu, sijapata kuona!"

"Najua," mjomba akasema. "Nimeliosha mimi."